Upande Huu wa Waya

Watu wa rika langu wakiulizwa stima ilifika kwao lini, hutabasamu na kuanza kusimulia balbu ya kwanza. Mimi nikiulizwa hununa. Kwangu stima ilipita miaka mingi kabla haijafika. Ilipita juu ya kichwa changu bila hata kunisalimia, na ilipopita iliacha boma langu limekatika vipande viwili. Nani alilikata, hilo sijalielewa mpaka leo, na nimelifikiria kuliko inavyomfaa mwanamke mwenye kazi zake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, huku karibu na Boito, mahali ambapo mashamba yetu yanakutana na chai ya Wazungu. Nilizaliwa upande wa Kiptere na nikaolewa huku nikiwa sijui hata njia ya kwenda mtoni. Nyumba yangu ilikuwa mpya. Udongo wa ukutani nilikuwa nimeupaka mwenyewe nikiwa na mimba kubwa, na mtoto alipozaliwa ulikuwa bado unatoa harufu ya mvua. Sikuwa na kitu kingine duniani cha kujivunia.

Nyumba ya mama mkwe wangu ilikuwa nyuma ya miti ya miwati. Ukimwita kwa nguvu alisikia, lakini hukumwona. Kwa maoni yangu umbali huo ulikuwa mzuri sana. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye jicho la kuhesabu makosa. Kila alipokuja alichukua kibuyu changu cha maziwa, akakinusa mdomoni, akakirudisha mahali pake bila kusema neno. Vibuyu vyetu husafishwa kwa mkaa wa mti wa senetwet ndipo mursik, maziwa yetu ya mgando, ipate ladha, na yeye aliamini watu wa Kiptere hawajui kuchoma mkaa. Angetukana ningemjibu. Kunusa utakujibu vipi?

Asubuhi moja nilitoka kwenda kukamua nikakuta kigingi kimepigwa kwenye njia inayotoka kwangu kwenda kwake. Kigingi cha mbao, kichwa kimepakwa rangi nyekundu. Nikatazama chini kuelekea mtoni, nikaona kingine. Nikatazama juu kuelekea fakitori ya majani ya chai kule kilimani, nikaona vingine, vimenyooka sawasawa. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa upande wa rizavu, ardhi tuliyotengewa sisi, pamoja na watu wengine wote. Nyumba yangu ilikuwa imebaki peke yake upande wa chai.

Msitucheke. Sisi vigingi tulivijua. Mama mkwe alipokuwa msichana, baba yake alilisha ng'ombe kule kilimani ambako sasa ni chai tupu. Vigingi vilikuja, kimya kimya kama hivi. Baba yake hakupenda ugomvi. Akasema, tusogee kidogo nyuma ya hivi vijiti mpaka tujue ni vya nini. Wakasogea. Alipokwenda baadaye kuuliza kama anaweza kurudi, aliambiwa ofisini kwamba pale si kwake tena: "Mlihama wenyewe." Mama mkwe aliyasema maneno hayo mara nyingi sana, hata akiwa anapepeta wimbi, bila mtu kumuuliza. Mimi nilikuwa nimeyachoka.

Wazee wa kokwet, baraza la kijiji, walikaa nyasini wakavijadili vigingi, wakakata shauri kwamba ni mpaka. Chifu alipelekewa habari, akasema atauliza. Labda bado anauliza. Mume wangu hakuridhika, na kwa kuwa mimi nilijua Kiswahili kidogo, kile cha kuuzia maziwa soko la Kiptere, akanituma kwa nyapara wa wale watu waliokuwa wakifyeka mstari wa vigingi. Nyapara alikuwa mtu wa kule ziwani, mrefu, mpole. Nilimpelekea maziwa ili nipate pa kuanzia.

"Bwana nyapara, hii vijiti ni ya mpaka?"

"Hapana, mama. Hii si mpaka. Hii ni ya stima."

"Stima ni nini?"

"Ni moto. Inatoka huko chini kwa mto, inaenda kwa fakitori."

"Moto inatoka kwa maji?"

"Ndio, mama."

"Na itapita hapa kwangu?"

"Itapita huko juu, ndani ya waya."

Nikatazama juu. Hakukuwa na kitu, ila mwewe mmoja. "Waya iko wapi?"

"Bado haijakuja," akasema. Akamaliza maziwa, akanishukuru vizuri sana.

Nilirudi nikamweleza mume wangu kama nilivyoambiwa: moto unaotoka kwenye maji, unaopita ndani ya waya ambao haujafika. "Na wewe ukamwachia maziwa?" akauliza. Wazee walipoyasikia hawakucheka. Walisema mtu anayetoa uwongo dhaifu namna hiyo lazima anaficha jambo kubwa. Hata mimi niliona wana haki. Nyapara hakudanganya hata neno moja, maskini, na nimekuja kulijua hilo nikiwa nyanya, lakini siku ile hata yeye mwenyewe akirudia maneno yake nadhani angejishuku.

Tatizo la mume wangu lilikuwa ng'ombe. Ng'ombe akipatikana ndani ya chai alikamatwa na kufungiwa, na kumtoa ilikuwa shida ya kukonda. Kama upande wetu sasa ulikuwa wa chai, basi ng'ombe wetu walilala kwenye hatari kila siku. Akawavusha. Alijenga zizi upande wa pili, karibu na nyumba ya mama yake, na yeye mwenyewe akawa analala hukohuko kwenye kibanda, kwa sababu mwanamume wa kwetu huwa karibu na ng'ombe wake. Kisha akaniambia, "Toa vyombo. Watu wanakuja kubomoa nyumba. Tutaijenga upya kule."

Nililia, lakini nilitii. Nilitoa vyungu, ngozi, vibuyu, na jiwe la kusagia, nikavipanga nje mtoto akiwa mgongoni. Nilikuwa nimebakiza mafiga matatu tu nilipomwona mama mkwe anakuja, kigoda mkononi na kibuyu kimoja begani. Aliruka kile kigingi cha njiani kama anavyoruka mtu tope. Hakunisalimia. Aliingia nyumbani kwangu, akaweka kigoda kando ya mafiga, akaketi.

"Nani amekuambia uhame?" akaniuliza.

"Ni mwanao, Mama."

"Na yeye ameambiwa na nani?"

Nikafikiri. "Hakuna mtu."

"Basi. Wakikutoa, wakutoe kwa mkono wao. Usitoke kwa miguu yako. Rudisha vyungu."

Watu walipofika na mapanga walimkuta ameketi palepale, anachochea moto kama bibi harusi. Mume wangu alisimama mlangoni, akamsihi, akapandisha sauti, akaishusha. Huwezi kuvuta nyasi za paa mama yako akiwa chini yake. Wale watu walikunywa maziwa yaliyokuwa yameandaliwa, wakazungumza habari za mvua, wakaenda zao.

Nilidhani ataondoka jioni. Hakuondoka. Alilala kwenye ngozi yangu, akasema ngumu. Alinusa vibuyu vyangu vyote, kimoja baada ya kingine, akavitoa nje akavisafisha upya. Nyumba yangu ilikuwa imesimama, hilo lilikuwa jambo la kufurahia, na nilifurahi. Lakini fikirini. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa halali kwenye nyumba anayolala mama yake. Hilo halina mjadala. Kwa hiyo yule mwanamke, kwa kuilinda nyumba yangu, alikuwa amemfungia mume wangu mlango. Nilikuwa na nyumba na sikuwa na mume wa kulala ndani yake. Nikiwa nimeolewa muda mfupi vile, nilitaka vyote viwili, na sikujua nimshukuru mama mkwe au nimtie pilipili kwenye uji.

Kisha ikaja miti yenyewe ya kubeba waya. Ilikokotwa na trekta, mirefu, myeusi, inanuka lami. Mmoja ulisimamishwa palepale kwenye njia yetu. Watoto waliweka masikio wakasema unaimba. Kwenye ule mti walipigilia kibao cha bati chenye kichwa cha mfu na mifupa miwili. Kibao kilitazama upande wa rizavu. Mimi niliona mgongo wake tu, bati tupu, lakini mume wangu kila alipotaka kuja kwangu alikutana na kile kichwa uso kwa uso. Alisema sasa ni wazi: avukaye atakufa. Nikamwambia mbona mimi navuka kwenda kuchukua maziwa zizini na sijafa. Akasema labda ni cha wanaume. Hata yeye alicheka kidogo aliposema hivyo, na ndiyo mara ya mwisho nakumbuka tumecheka pamoja.

Waya zikafungwa. Jioni moja, jua likiwa limezama na ng'ombe wamefungiwa, fakitori yote ikang'aa kule kilimani, madirisha yake yakawa meupe. Majirani walitoka wakasimama uani kwangu kutazama. Wengine walipiga vigelegele, wengine walinyamaza. Mimi nilitazama waya juu yangu, nikatazama kule, nikatazama tena juu. Hapa palikuwa giza. Kama moto ulikuwa unapita, mbona hata mwanga wa kuonea mlango hakuna? Unawezaje kupitisha moto juu ya nyumba ya mtu bila kumdondoshea hata kaa moja? Kwetu jirani akiomba moto hanyimwi.

"Ndicho kile kilichopita hapa?" mama mkwe akaniuliza.

"Wanasema."

"Juu ya vichwa vyetu?"

"Ndiyo, Mama."

Akaingia ndani akafunika moto wetu kwa majivu.

Baada ya hapo hakuna kilichotokea, na hicho ndicho kilichonichanganya zaidi. Hakuna aliyekuja kupanda chai uani kwangu. Hakuna aliyekuja kusema huu si mpaka. Msimu wa mvua ukaja ukapita. Mbuzi walijikuna kwenye ule mti. Hapakuwa na siku ambayo ungeweza kusema, leo tumejua. Wengine walianza kusema labda nyapara alisema kweli, wengine walisema Wazungu wana subira. Mama mkwe alisema, "Wanangoja niondoke." Mume wangu alikuwa amekwisha kupanda ua wa miiba kando ya mstari wa waya, amepanda mahindi, na zizi lake lilikuwa zuri. Mtu aliyetia jasho namna hiyo hapendi kuambiwa amekosea.

Halafu akaoa. Msichana kutoka upande wa Mulot, ambako alikuwa amekwenda kutafuta ndama. Aliniletea habari mwenyewe, amesimama upande wa pili wa kile kibao. "Nani ananipikia huku?" akasema. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki, nikaapa kwamba mguu wangu hautavuka ule waya tena. Nikaishika ahadi yangu. Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu hukaa.

Hata maziwa ikabidi mama mkwe ndiye ayafuate. Alivuka kila alipopenda, na kila aliporudi alikuwa na kitu mkononi. Siku moja jiwe lake la kusagia. Siku nyingine chungu cha kupikia wimbi, ngozi ya kulalia, kifuniko cha mlango cha fito alichokuwa amekisuka katika ujana wake. Vibuyu vyake vikaja, kimoja baada ya kingine, vikajaa ukutani kwangu mpaka vyangu nikavisogeza pembeni. Nilikuwa navimba ndani kwa ndani. Nikajiambia, sasa nimeelewa. Huyu hakuja kuilinda nyumba yangu, amekuja kuichukua. Mpaka ni hadithi tu. Usiku alikuwa akimbeba mtoto wangu na kumwimbia kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa nimelala nimewageuzia mgongo, nikitafuta namna ya kumwambia arudi kwake.

Nilimwambia mwishowe, tukiwa tunachambua mboga. "Mama, watu wote sasa wanajua ule si mpaka. Huwezi kurudi kwako?"

Aliendelea kuchambua. "Mguu unaniuma," akasema. Jibu gani hilo? Mguu haukumwuma kuvuka kila siku.

Habari zikaja kwamba yule wa Mulot amejifungua. Kwetu mzazi hupelekewa uji, hata kama hampatani. Mama mkwe alisaga wimbi mwenyewe, akapika uji, akautia kwenye kibuyu, akakisukuma mbele yangu.

"Peleka wewe," akasema.

"Mimi? Ni mjukuu wako!"

"Chepto, mguu unaniuma. Peleka." Chepto ni msichana. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo kwa sauti laini.

Basi nikavunja kiapo changu. Nilipita chini ya waya nikiwa nimeinamisha kichwa bila sababu, nikauzunguka ua wa miiba, nikapita miwati. Nilisimama pale nikadhani nimepotea. Nyumba ya mama mkwe haikuwepo. Palikuwa na mduara wa majani machanga, na katikati majivu meusi yaliyopigwa na mvua, na mahindi yamepandwa mpaka pale mlangoni alipokuwa akiketi. Hatua chache mbele yake palikuwa na nyumba mpya.

Nikaingia. Yule msichana alikuwa amelala na mtoto kifuani, mdogo kuliko nilivyomwaza katika hasira zangu zote. Alitaka kuinuka. Nikamwambia alale. Kisha nikaiona nguzo ya katikati. Ilikuwa ya emitiot, mti mgumu usioliwa na mchwa, na kwenye kimo cha mtu aliyeketi palikuwa na fundo kubwa lililosuguliwa mpaka likang'aa. Nililijua fundo lile. Siku niliyoletwa bibi harusi niliketi nikilitazama kwa aibu, na mama mkwe alikuwa ameliegemea, kwa sababu ndivyo alivyoketi miaka yote, mgongo wake kwenye fundo lile.

"Hii nguzo mliitoa wapi?" nikauliza.

"Sijui, dada," akasema yule msichana, na niliona kweli hajui. "Niliambiwa ni ya nyumba ya zamani, haina mtu."

Mume wangu alikuwa nje anarekebisha ua. Sikupandisha sauti, nashangaa mpaka leo. Nilimuuliza, "Umeibomoa nyumba ya mama yako akiwa hai?"

Hakuniangalia. Alivuta mwiba kwenye kidole chake. "Sikumfukuza," akasema. "Alihama mwenyewe."

Nilimtazama nikitafuta kama ameyasikia aliyoyasema. Alikuwa amelelewa na maneno yale, alikuwa ameyasikia tangu alipokuwa ananyonya. Hakusikia kitu. Akaniuliza kama uji ni wa moto.

Nilirudi. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni kwangu na mtoto magotini, jua linazama, na fakitori ilikuwa bado haijawashwa. Hakuniuliza habari za mjukuu. Niliketi chini karibu naye, nikaanza kukumbuka kila kitu alichokuwa amebeba: jiwe, chungu, ngozi, kifuniko cha mlango. Alikuwa akiviokoa. Kila alipovuka nyumba yake ilikuwa imepungua, na kila aliporudi mimi nilimnunia kwa kunijazia ukuta.

"Umeiona," akasema.

"Ulijua lini, Mama?"

"Walianza na nyasi za paa. Yeye alidhani sijaona."

"Mbona hukwenda kuketi ndani yake, kama ulivyokuja kuketi kwangu?"

Alimgeuza mtoto akamlaza bega la pili. "Mtu mmoja anaketi kwenye nyumba moja," akasema. "Na wewe ulikuwa na mtoto."

Taa za fakitori zikawaka zote kwa pamoja. Juu yetu waya zilikuwa zinaimba kidogo kwa upepo, na pale mlangoni tulipoketi hatukuweza tena kuonana nyuso. Niliingia ndani kuchochea moto. Nyumba yangu haikuwa na nguzo ya katikati yenye fundo. Nilikunja ngozi ile ngumu, nikaiweka ukutani, karibu na mafiga, nikamwita aje aegemee.